Waya Uliopita Chini ya Mlango

Mke wangu alipofariki, sauti yake ilibaki katika wimbo mmoja tu wa kwaya, niliourekodi mwenyewe kanisani hapa Vwawa. Mama yake alikuja kutoka Ileje kukaa nasi baada ya msiba, na ombi lake lilikuwa moja: amsikie binti yake.

Katika ukoo wetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hasemi naye. Maneno yetu yalipitia kwa dada yangu mkubwa. Kwa hiyo kompyuta ilibaki chumbani kwangu, nikapitisha waya mrefu chini ya mlango hadi sebuleni, kwenye spika mbili ndogo za kuchaji. Mimi nilisikiliza kwanza kwa hedifoni, kisha nikachomeka waya, naye akasikiliza kule.

"Anasema anawasikia wote isipokuwa mwanawe," dada alisema.

Nilijua sababu. Siku ya kurekodi nilisimamisha maikrofoni mbili pamoja mbele ya kiongozi wa wimbo, moja ikielekea kushoto, nyingine kulia. Mke wangu, aliyeimba sauti ya pili, nilimpeleka mwisho kabisa wa mstari, upande wa kushoto, watu wasije wakasema nimempendelea.

Nikaanza na programu. Niliyokuwa nikiitumia iliongeza besi bila kuulizwa. Nikaweka nyingine inayocheza faili kama lilivyo. Wimbo ulisafika, lakini yeye hakusikika. Nikaenda Tunduma, mpakani, kutafuta waya bora. Muuzaji aliniita bamudala, kama Wazambia wanavyomwita mtu mzima.

"Bamudala, huu pini yake ina dhahabu. Utasikia mpaka mwimbaji anapomeza mate."

"Na aliyesimama mbali?"

"Huyo mwambie asogee," akacheka.

Nyumbani dada alinichomekea waya mpya na wa zamani kwa zamu, mara kumi na mbili, bila kuniambia ni upi. Sikuweza kuzitofautisha. Nikauacha ule mpya chini ya mlango.

Wiki chache baadaye dada alitoka sebuleni akifuta macho.

"Leo amemsikia. Kiongozi amefifia, mwanawe ndiye anaimba. Hata mimi nimemsikia, mdogo wangu."

Nilidhani ni majonzi. Asubuhi, mama mkwe alipokwenda kanisani, niliingia sebuleni kupima. Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka ndani ya debe. Sikumtafuta mke wangu, nilitafuta kosa. Nililipata: mlango ulikuwa umeukata uzi mmoja wa ndani, ule unaotumiwa na spika zote mbili. Nikakata kipande kibovu, nikalehemu, nikaridhika na kazi yangu.

Mchana dada alisimama mlangoni. "Anauliza umemfanya nini mwanawe."

Nilikaa na kalamu na karatasi hadi nikaelewa. Uzi ule wa pamoja ukikatika, spika hutoa tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Sauti iliyo sawa pande zote mbili, kama ya kiongozi, hufutika. Ya pembeni hubaki. Ubovu ndio uliomtoa mke wangu kwenye kundi, na mimi niliutengeneza.

Ilinichukua siku mbili kupata programu ya kugeuza upande mmoja kinyume na kuuchanganya na mwingine, ifanye kile ulichofanya ule ubovu. Nilivaa hedifoni. Alikuwepo, akichelewa kidogo kuingia kwenye ubeti wa pili, akivuta pumzi pale ambapo wenzake hawakuvuta. Nikamwomba dada amketishe mama mkwe kwenye spika.

Dada hakurudi na jibu. Mama mkwe mwenyewe alisema nami kupitia mlango, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake.

"Baba, acha. Siku ile alikuja, na alipopotea nikamuaga. Ukimleta tena, nitaanza kulia upya, na mimi sina nguvu hiyo."

Nikasema, "Sawa, mama."

Upande wa pili nilimsikia akimwomba dada amletee mfuko wake wa nguo, ule aliokuja nao kutoka Ileje.