Madamu Clotilde na Ubao wa Mlangoni

Mtoto wako anajua kusoma, au ana asilimia tu?

Usikimbilie kujibu. Mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona, asome ukurasa mmoja, ndipo unijibu. Nauliza kwa ukali kwa sababu mimi ni mwalimu hapa Kamina, kazi hii nimeisomea chuoni, na nimechoka kuona watoto wakipigiwa makofi kwa asilimia themanini huku hawawezi kusoma jina la mtaa wao. Lakini leo sikuja kulalamika. Nataka kukusimulia habari za Madamu Clotilde Lumbu, ambaye kalasi yake na yangu zinatenganishwa na ukuta usiofika juu, hivyo kila anachofundisha kinanifikia.

Clotilde ni mtoto wa reli. Baba yake, mzee Gaston, alifunga na kufungua mabehewa hapa stesheni maisha yake yote ya kazi. Binti huyo ndiye aliyempelekea bukari, yaani ugali, saa sita mchana, na mzee hakuipokea sahani kabla mtoto hajasoma yaliyoandikwa ubavuni mwa behewa lililosimama karibu. Akikosea, wanasogea hadi behewa la pili, chakula kikipoa.

“Minyi nilijua kusoma juu ya njaa ya baba,” husema akicheka; kwetu minyi ni mimi.

Desturi hiyo aliihamishia shuleni. Kando ya mlango wake ametundika ubao mdogo. Kila asubuhi anaandika hapo sentensi moja mpya, na haingii mtu kabla hajaisoma kwa sauti. Anayeshindwa hachapwi wala hachekwi. Anarudi nyuma ya foleni, anasikiliza wenzake, anajaribu tena. Akishindwa mara ya tatu anashikwa mkono na kuingizwa, na Clotilde anaandika katika daftari lake neno lililomshinda. Watoto hao alianza nao kalasi ya kwanza, sasa wako ya tatu, na amewaahidi wazazi kwamba atawafikisha ya sita.

Ahadi hiyo ilikuwa hatarini mwezi wa tatu mwaka huu, tulipotangaziwa kwamba inspekta anakuja. Mwaka uliotangulia Clotilde alikuwa amepewa daraja la “dhaifu”. Hakuna aliyewauliza watoto kitu. Kosa lilikuwa katika fishi, zile karatasi ambazo mwalimu huandikia maandalizi ya kila somo: za kwake zilikuwa pungufu. Direkta wetu, Papa Timothée, alimwambia bila kuzunguka kwamba akipata “dhaifu” mara ya pili, kalasi itakwenda kwa mwalimu mwingine, Élisée, mwenye fishi safi na mwandiko wa kuvutia.

Basi likafanyika jambo ambalo walimu tunalijua na hatulisemi. Direkta alichagua somo moja, juu ya safari za treni, akaamuru lifundishwe siku nne mfululizo mpaka watoto walimeze.

“Bolingo anajibu swali ya kwanza, Mwepu ya pili, Laetitia ya tatu,” alipanga. “Minyi sitaki mambo mingi, Mama Clotilde.”

“Direkta, hii haiko kufundisha. Iko teatre.”

“Teatre njo itachunga kalasi yako, mama.”

Clotilde akalifundisha. Anawapenda watoto wake kuliko kiburi chake. Kwa siku nne nilisikia treni kupitia ukutani, hata wanafunzi wangu wakaanza kujibu maswali ambayo sikuwauliza.

Siku ilipofika, direkta alituita sisi walimu vijana tukae nyuma katika kalasi ya Clotilde, eti tujifunze. Inspekta Isaïe Kitenge aliingia na faili kubwa chini ya kwapa. Ni mtu mpole, mwenye macho yasiyokosa kitu. Badala ya kukaa, alimwinamia Bolingo, binti wa mwanajeshi, aliyehamia kwetu na familia yake kutoka Base, kambi ya jeshi.

“Mama, jina yako nani?”

Bolingo akaruka kama aliyechomwa sindano. “Juu ya reli, Papa inspekta!”

Inspekta hajafungua mdomo, Mwepu yuko wima. “Pa stesheni, Papa!”

Laetitia naye hakuweza kungoja. “Mukubwa wa stesheni njo anapiga filimbi!”

“Minyi niliuliza jina,” inspekta akasema.

“Ile swali bado hatuyaifikia, Papa,” sauti ndogo ikamtuliza kutoka benchi la nyuma.

Direkta alikohoa mpaka akatoka machozi. Mimi niliuma kidole nisicheke, kisha nikamwangalia Clotilde, na hamu ya kucheka ikaniisha. Alikuwa anawatazama watoto wake kana kwamba amewakuta wamevaa nguo za watu wengine. Akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, reli na stesheni zikaondoka.

“Papa inspekta, hii somo nilishaifundisha mara ine. Bananijibu kama wimbo. Ukitaka kuona kazi yangu, ikala pa kiti, nikuonyeshe ya kweli.”

“Mama, fishi yako inasema treni. Somo ingine haina na fishi. Pale nitaweka sifuri, unajua?”

“Weka. Lakini angalia na batoto.”

Akaandika hadithi fupi ambayo hawajawahi kuiona, juu ya mwanamke wa huko Mulongo, mtoni, anayekausha samaki na mbuzi anayemsumbua. Akawaita mmoja mmoja. Watoto hamsini na wanne! Wengi walisoma vizuri, na kila aliyesoma aliulizwa mbuzi amefanya nini, akaeleza kwa maneno yake. Wengine walipapasa silabi kwa kidole. Saba walishindwa. Clotilde hakuwaficha. Alifungua daftari lake mbele ya inspekta, akamwonyesha kila mmoja wa wale saba anakwama wapi.

“Huyu Masengo akili iko. Macho njo inamusumbua. Nilishaongea na mama yake, na kesho ataanza kusoma akiwa karibu na ubao.”

Inspekta alisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Halafu akafunga faili. “Kesho asubuhi, mbele ya kuenda Kabondo-Dianda, nitaleta karatasi yako.” Akaondoka bila kutaja daraja.

Mimi sipingi vipimo. Wizara inapotaka mtoto wa kalasi ya tatu asome hadithi na aielewe, inataka haki yake, na asiyetaka hivyo aache ualimu akalime mihogo. Ninachokipinga ni kumpima mwalimu kwa karatasi mpaka amsahau mtoto, halafu kushangaa watoto wanapokuwa karatasi. Jioni ile nilimweleza Clotilde haya yote kwa hasira, nyumbani kwao katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa anachambua maharage na mama yake, ametulia tuli.

“Mwalimu, unakasirika sana, utazeeka mbiyo,” akaniambia. “Saidia hapa, toa mawe.”

“Wakikunyang’anya kalasi?”

“Nitalia. Lakini leo banasoma mbele ya muntu mukubwa, na hakuna mwenye alibanongoneza jibu. Ile hakuna mwenye ataninyang’anya.”

Mama yake akanisogezea sufuria, nami nikatoa mawe.

Kesho yake asubuhi nilifika mapema. Foleni ilikuwa mlangoni kama kawaida, na ubaoni iliandikwa: *Mbuzi amekula samaki, mama anacheka.* Pikipiki ya inspekta ikasimama uani. Akaja na karatasi mkononi, moja kwa moja mlangoni, na Bolingo akamzuia kwa mkono mzima.

“Papa, unasoma mbele, njo unaingia.”

Direkta, aliyekuwa anakuja nyuma yake, alishika kichwa. Inspekta akavua kofia ya pikipiki, akasimama nyuma ya Masengo. Msichana huyo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa chaki. Akasoma neno la kwanza, akalirudia, akasoma la pili, akaendelea hadi mwisho, na foleni nzima ikapiga kelele. Hakurudishwa nyuma. Zamu ya inspekta ikafika. Akasoma kwa sauti ya ofisini.

“Nguvu, Papa! Hatusikie!” watoto wakamtania.

Akarudia kwa nguvu, ndipo Bolingo akampisha. Alisimama pale pale mlangoni, akaiweka karatasi kwenye meza ya Clotilde iliyo karibu. Kwenye mstari wa fishi palikuwa na sifuri kweli, nene kama yai. Chini kabisa, daraja: “Nzuri. Aendelee na kalasi yake.” Akapuliza pumzi juu ya muhuri, akaugonga mbele yetu sote.

Clotilde aliyafuata maneno yale kwa kidole, moja baada ya jingine, kama anasoma behewa. Alipomaliza alifuta macho kwa pembe ya kitenge.

“Aksanti, Papa inspekta,” akasema. “Sasa toka pa mulango, batoto bangu baingie.”