Mama Kiraka abandua viraka vyake

Saa moja asubuhi, Mama Kiraka amepiga magoti karakanani, juu ya boti la mpira lililopinduliwa. Mkono mmoja umeshika mashine ya kukaushia nywele, aliyoiazima kwa bintiye ili kulainisha gundi, na mwingine koleo. Anabandua kiraka alichokibandika mwenyewe wiki iliyopita. Si kibovu hata kidogo. Kimeng'ang'ania kama kupe.

"Leo najuta kuwa fundi mzuri," anamwambia mwandishi wa habari hii, akipuliza vidole.

Kwa miaka kumi na moja mama huyu ameziba maboti ya kampuni inayopeleka watu kupiga kasia kwenye mto wa msituni, safari ya siku tatu kutoka darajani hadi msitu unapoishia. Mshahara unatosha chakula na kodi ya nyumba, basi. Ada za shule zilitoka kwenye viti vya pikipiki alivyokuwa akishona jioni. Mtoni mwenyewe hajawahi kusafiri. Anaogopa maji, na hafichi.

Sasa bintiye ataongoza msafara kwa mara ya kwanza, na boti lake ni hili.

Mipango inafanyika nyumbani, sebuleni. Binti amelaza kamba juu ya meza: huo ndio mto. Vifuniko vya soda ni mawe, na kijiko ni kambi ya usiku wa kwanza. Baba yake anakula sahani ikiwa magotini.

"Juzi nilichukua kijiko nikoroge chai," anasema. "Nikaambiwa nimewanyima watu pa kulala."

Tarehe ya kuondoka haijulikani. Mto huu haujajengewa bwawa popote, wala hakuna mtu wa kuupunguza maji. Mvua ikinyesha juu unafura, ikikatika unatulia. Kila asubuhi binti huenda darajani kutazama jiwe moja kubwa. Likitoa kichwa, safari ipo.

Boti lilikuwa limechanika chini, upande wa kushoto. Mama Kiraka aliliziba. Usiku hakupata usingizi, kesho yake akaongeza kiraka cha pili juu ya kile cha kwanza. Kisha cha tatu. Walipolijaribu kwenye maji matulivu, boti likawa linavuta kushoto kama punda aliyeona majani.

"Mama, umeweka viraka vingapi?" binti aliuliza.

"Kimoja."

"Mama."

"Vinne."

Binti anasema hakukasirika. "Nilimwuliza tu, usichokiamini ni gundi yako au ni mimi?"

Swali hilo lilimchoma mama mtu. "Gundi yangu naijua," anasema. "Na huyu alishika kasia kabla hajajua baiskeli. Basi nilikuwa naogopa nini? Nimeona aibu." Ndiyo maana leo anabandua vitatu, abakize kimoja.

Wasiwasi haujaisha, lakini fahari imeuzidi. Sokoni ameshawasimulia wauza nyanya wote. "Siku hizi hata sijafungua mdomo wananikatiza: tunajua, mama, ndiye kiongozi."

Wageni watano wamethibitisha. Nafasi ya sita binti ameihifadhi, na anajua ni ya nani. Mama Kiraka hajaitika wala hajakataa.

Kiraka cha mwisho kinaachia. Anapitisha kiganja juu ya kile kilichobaki, taratibu, kingo zote. Hapo binti anaingia, suruali imelowa hadi magotini.

"Jiwe limetoa kichwa. Kesho kutwa tunaondoka."

Mama anazima mashine.

"Mimi nitakaa wapi?"

"Kushoto. Juu ya kiraka chako."

"Na nikiogopa?"

"Utapiga kasia huku unaogopa. Kwenye boti langu habebwi mtu."

Mama Kiraka anamgeukia mwandishi, macho yamejaa machozi, meno yote nje.

"Umemsikia anavyoniamuru? Andika hivyo hivyo. Usipunguze neno."