Maoni Hayapatikani Leo

Mashine ya kukoboa mpunga ya mtaani kwetu, Viwanja Sitini, siku hizi iko kimya. Simaanishi kwamba imekufa. Inanguruma kama kawaida, pumba zinaruka, vumbi linawasha shingo. Ila watu wake hawabishani tena ana kwa ana. Kila mmoja anabishana kwenye simu yake, amevimba mashavu, na ukimuuliza anabishana na nani anasema hamjui. Mimi nakumbuka enzi za kubishana na mtu unayemjua mpaka shemeji zake. Enzi zenyewe ni juzi tu, nilikuwa kidato cha kwanza na sasa niko cha tatu, lakini naomba niachwe nizeeke kwa raha zangu.

Mama yangu anapepeta mchele pale, yeye na wanawake wenzake, wakitenga chenga na mchele mzima. Nikitoka shule nilipitia kwake, nagawa shikamoo kama kumi kwa mkupuo mmoja, kisha nakaa juu ya magunia najifanya nasoma. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, kitu pekee ambacho walimu wamewahi kunisifia, mwenye mashine alinipa chaki niwe naandika ubao wa foleni: nani kaleta mpunga, anatoka Idete au Namawala.

Burudani yenyewe ilikuwa watu wawili. Fundi wa mashine alikuwa Mhehe, mpima mizani alikuwa Mngoni. Hao ni watani, maana yake wana ruhusa ya kutukanana tangu kuzaliwa na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Juu ya hapo, kila mmoja alikuwa na chama chake. Kampeni zilipoanza walikuja na kofia, na tangu asubuhi walipigizana kelele kuishinda mashine. Fundi akisema barabara imejengwa, mpima anauliza imejengwa wapi, mbona jana ameburuta baiskeli kwenye tope la magotini. Fundi anajibu kwamba tope halina kosa, Mngoni na baiskeli wapi na wapi. Kuna wateja waliowahi foleni asubuhi na mpunga wao ukakobolewa jioni, kwa hiari yao.

Halafu mteja mmoja wa Idete akachukia alichosikia, akapakia magunia yake na kuhamia mashine ya jirani. Mwenye mashine, ambaye sote tulimwita bosi, akaona biashara inatoka getini. Kesho yake akatangaza: hakuna siasa ndani ya uzio wake, kofia zivuliwe, na atakayefungua mdomo akatafute kazi kwingine.

Wiki ile ilikuwa Ijumaa Kuu isiyoisha. Fundi alipaka grisi mahali palipokwisha kupakwa. Mpima alisoma mizani kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Hata utani waliuacha, kwa sababu kila utani wao uliishia kwenye kura. Mama alisema afadhali walivyokuwa wakiropoka, angalau alijua wako hai.

Mimi nikashindwa kuvumilia. Bosi alipokwenda kula mchana, saa tisa kama kawaida yake, nikafuta kona ya ubao nikaandika kwa herufi kubwa za mabango, si mwandiko wangu wa kawaida: MAONI HAYAPATIKANI LEO. JARIBU BOSI AKIENDA KULA. Chaki nikaiweka juu ya boksi la spana la fundi, nikaenda kumsaidia mama kwa bidii ambayo ingemtia wasiwasi mzazi yeyote makini.

Watu walicheka mpaka mama mmoja akamwaga ungo. Bosi akarudi na kijiti cha meno mdomoni, akasoma, akatazama huku na huku, akaiona chaki.

"Umeandika wewe?" akamuuliza fundi.

Fundi akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Kwani ni uongo?"

Bosi akamwambia aache spana hapo hapo aende kwao. Akaenda. Mdomo wangu, ambao huongea hata katikati ya misa, ukagoma kufunguka.

Mimi na binti wa fundi tulikuwa tunakaa dawati moja. Kesho yake aliniambia baba yake aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa ovaroli, akakaa nayo kibarazani. Sikusikia somo lolote siku ile. Kengele ilipolia nilikimbia hadi mashineni, nimejiandaa kufa.

Nikakuta mpima amelala chali mlangoni mwa mashine, amejifunika magunia matupu. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Kwetu kila mtu anajua: msibani, mtani akijilaza njiani, jeneza halipiti mpaka aridhike, na kumruka ni aibu isiyosafishika. Kwa hiyo fundi mpya aliyeletwa alikuwa amekaa nje anakula karanga, na wateja pamoja naye. Bosi amesimama mikono kiunoni.

"Inuka. Hapa hakuna aliyekufa."

"Fundi kafa," mpima akajibu chini ya gunia. "Marehemu alikuwa anakosea kila siku, bosi. Lakini alikuwa anakosea kwa sauti nzuri."

Akaendelea kumlilia kwa kumwigiza, kikohozi chake, ahadi za chama chake moja baada ya nyingine, mpaka wanawake wakajifunika kanga usoni. Bosi akauliza anataka nini basi.

"Nirudishie mtu wangu wa kubishana naye."

Hapo nikasema. "Shikamoo bosi. Niliandika mimi."

Mama akaweka ungo chini taratibu, na mimi utaratibu ule naujua unatangulia nini. Bosi akanitazama, akamtazama aliyelala, akauliza sasa kwa nini fundi, mtu mzima, hakukana. Akanituma nikamwite.

Fundi alinisikiliza kibarazani mpaka mwisho. "Ningesema si mimi," akasema, "ningekuwa nimekubali kwamba lile neno ni kosa." Kisha akakunja uso. "Na wewe, kitu kizuri vile unakwenda kukitolea ushahidi."

Bosi alimrudisha. Siasa ikaruhusiwa, ila kwa wenyeji wa mashine tu. Mteja asichokozwe mpaka aanze mwenyewe. Mimi nikanyang'anywa chaki, na nyumbani nikapata haki yangu yote. Leo fundi analima Idete, na mpima yuko kwenye mashamba ya miwa. Nasikia huko anabishana na watu wasiojua kujibu.

Lakini siku ile ya kurudishwa, fundi alisimama akimwinamia mwenzake pale mlangoni, akamwambia ainuke, chama chake kitalala hivyohivyo siku ya kura.

Mpima akatoa kichwa kwenye gunia. "Kafufuka," akatuambia, "na ujinga wake wote."

Akampa mkono amvute.