Kinu cha Bibi na Chuma cha Joto

Bibi yangu wa Mombasa alikaa nasi ughaibuni, Garland, msimu mmoja tu wa baridi, katika ghorofa ya juu ya jengo la kizamani. Kila asubuhi akiingia jikoni alilalamika kwamba chuma cha joto chini ya dirisha, kile cha mvuke cha kupasha nyumba, kinamkausha koo. Alifunga koki yake nusu, akaketi kutwanga kitunguu thomu kwenye kinu chake. Punde si punde, gong, gong, gong, kutoka chini.

"Wasikia?" aliniambia. "Jirani agonga dari. Kinu chamkera."

"Labda ni kitu kingine, bibi."

"Kitu gani chenye mkono wa kugonga?"

Akakifunika kinu kwa leso, akakisukuma chini ya kitanda. Kesho yake alipika bila kutwanga, lakini koki aliifunga nusu kama kawaida. Gong.

"Sasa hata nyayo zangu jirani hazitaki," alisema. Akawa anatembea na soksi, kwa ncha za vidole. Gong vilevile. Mwisho alimwambia baba kwamba hajawahi kuwa kero kwa jirani na hataanza uzeeni. Baba akampeleka Houston, kule Alief, kwa ami yangu anayeishi nyumba ya chini. Mimi nilikipakata kinu njia nzima.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naosha vyombo, joto likanizidi, nikafunga koki nusu kama alivyofanya bibi. Gong. Nilikuwa nimesimama tu, sitwangi wala sitembei. Baba akaja, akaifungua yote, na baada ya muda kukawa kimya.

"Mvuke unapanda na maji yanarudi kwa bomba hilo hilo," alisema. "Ukifunga nusu, maji yanakwama, mvuke unayapiga."

Mimi huwa siongei na majirani, lakini siku hiyo nilishuka na mama yangu kuomba radhi kwa kelele. Yule jirani wa chini ni mama mmoja Mkongo.

"Ile kelele?" alicheka. "Mie nilikuwa nawaza nkambo wenu, yule bibi, anatwanga sombe. Nilitaka kupanda nimuombe kinu, nitwange majani yangu ya muhogo. Nikaona haya."

Tukampigia bibi. Tukamweleza yote.

"Yaani nimehamishwa na bomba."

"Rudi, bibi."

"Mke wa ami yako yuaanza kazi. Mtoto wao nitamwachia nani?"

Nikamuuliza kama anatwanga huko.

"Kinu ki chini ya kitanda," alisema. "Huku hapana mtu chini yangu, lakini mkono ushaogopa."