Mkono Wenye Udongo Mbichi

Usiku ule nililala nimeshakata shauri. Asubuhi Mzee Shekimweri, mwenye duka la saruji, angekuja, na mimi ningempa funguo za chumba changu cha picha apange mifuko yake. Nilikuwa nimechoka kungojea watu.

Lakini kwanza mnijue. Niliondoka huku milimani Lushoto na begi moja. Sikupelekwa na mjomba wala mfadhili. Kule Uturuki nilianza kwa kufagia karakana ya vyombo vya udongo, nikaishia kuchora sahani ambazo watu walizitundika ukutani badala ya kuzilia chakula. Mchana kazi, jioni darasani. Stashahada yangu ya uchoraji na mapambo iko kwenye fremu sebuleni, na kila anayeingia nahakikisha ameiona. Nilirudi nikajenga kwa jasho langu, na ubavuni mwa nyumba nikaongeza chumba kizima cha kutazamia picha tu, kitu ambacho tarafa yetu haijawahi kuwa nacho. Kuta nne, picha nne, kila moja imejaza ukuta kutoka sakafuni hadi darini. Mpaka fremu ya mlango nilipaka mwenyewe. Hakuna mkono mwingine uliogusa.

Watu walikuja siku ya kufungua. Waliingia mikono nyuma, wakasema, "Hongera, kazi nzuri," wakatoka. Jirani yangu Mama Zuhura, ambaye mdomo wake haujui likizo, ndiye pekee aliyesema zaidi. "Baba, humu ndani panatisha. Mtu hata kukohoa anataka aombe ruhusa." Wakacheka, wakaondoka pamoja, na hawakurudi tena.

Sasa ndotoni ni mchana. Niko ndani ya chumba kile nafuta vumbi. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, lakini Bibi anaingia.

Ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Alifariki nikiwa Uturuki, sikumzika. Amejifunga kanga kifuani, miguu mitupu. Mkono wa kulia ameunyosha mbele, kiganja juu, na kiganja kimejaa udongo mweupe mbichi unaochuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Mume wangu," anasema. Ndivyo alivyoniita tangu sijaota meno. "Kumbe umenijengea kasri, hukuniambia."

Nainama kumwamkia. Nikapepesa macho, na chumba hakipo. Tuko uani kwake, zamani, Idi imekaribia. Wanawake wanasiriba nyumba kwa udongo mweupe wa kijitoni, kisha wanachora juu yake kwa udongo mwekundu na masizi: kuku, migomba, mistari iliyojikunja kama njia za milimani. Bibi yuko mbele yao, kanga imelowa, anaimba kwa sauti ya puani. Nyumba nzima inang'aa isipokuwa sehemu moja kando ya mlango, upana wa ungo. Hapo hachori kitu. Chini yake anaweka bakuli lenye udongo mwekundu uliokorogwa, basi.

Nilikuwa nimesahau bakuli lile. Yeyote aliyekuja kutoa mkono wa Idi alichovya kidole akachora chochote, na mwezi mzima baadaye watu walipita kwetu kutazama alama zao na kuzicheka za wenzao. Nawasikia tena, hapo hapo ndotoni:

"Mbuzi gani huyu, ana miguu mitano?"

"Wa tano ni mkia! Macho yako hayo!"

Kicheko kinanipeleka mbele, na tumerudi chumbani kwangu. Bibi anatembea polepole kando ya kuta. Anasogeza uso karibu na picha ya soko la vyombo vya shaba, mpaka pua inakaribia kugusa rangi ya buluu, na anatabasamu kama mtu aliyepewa uji wa moto.

"Hii buluu, umeitoa wapi?"

Nami namweleza. Namweleza jinsi inavyosagwa, mwalimu aliyesema hajapata kuona mkono kama wangu, na wenzangu wa darasani waliobaki nyuma. Naongea sana. Bibi anasikiliza vilevile alivyokuwa akisikiliza redio, kichwa upande. Nilipomaliza, akanyosha kiganja kuelekea ukutani.

"Hapa?"

"Hapana, Bibi, hapo ni rangi ya mafuta."

Akasogea. "Hapa?"

"Hapo pamekwisha."

"Hapa je?"

"Bibi, pote pamekwisha. Nimemaliza chumba chote."

Hapo nikaona udongo umeanza kukauka. Ukingo wa kiganja umegeuka mweupe kabisa, ufa mdogo unatambaa kuelekea katikati. Nikajua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba ukikauka wote ataondoka, na mimi nitakuwa nimemkosa mara ya pili.

Amefika kando ya mlango. Hapo ndipo ilipo picha ninayoipenda kuliko zote: mimi mwenyewe, nimevaa joho, stashahada mkononi, kifua mbele.

"Huyu ni wewe," anasema.

"Ni mimi, Bibi."

"Umependeza." Akaitazama kwa muda. "Mbona umesimama peke yako?"

Napiga magoti, naanza kukwangua joho kwa kucha nimpatie nafasi, hata ya vidole viwili. Rangi haitoki. Niliichagua mimi mwenyewe, rangi ya kudumu, na inadumu kwelikweli. Kucha zinauma. Nyuma yangu nasikia udongo ukipasuka, sauti ndogo kama jani kavu likikanyagwa. Nageuka. Kiganja chake ni cheupe chote, kikavu. Anakikunja taratibu, unga unamwagika sakafuni.

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Nilikuja kucheza, mume wangu," anasema. "Niachie mahali."

Akatoka. Nje wanawake walikuwa wanacheka, na kicheko kikateremka nao kuelekea kijitoni mpaka kikapotea.

Niliamka mwadhini akiadhini, vidole vimekunjwa kana kwamba bado nakwangua. Sikurudi kulala. Nilichukua patasi na nyundo nikaenda moja kwa moja kando ya mlango, nikabomoa joho, nikabomoa stashahada, nikafika mpaka kwenye plasta. Uso niliuacha, sura nzuri haina kosa. Jua lilipochomoza nilikuwa nimeshateremka kijitoni na kupanda na ndoo ya udongo.

Mzee Shekimweri alinikuta nasiriba, upana wa ungo.

"Fundi, nimefuata funguo."

"Funguo hazitoki, mzee wangu. Hapa ni mahali pa picha, na patabaki hivyo hata nikikaa humu peke yangu miaka yote. Chovya kidole."

Akanitazama kama mtu anayefikiria amwite nani. "Mimi nichore? Mimi ni mtu wa saruji."

"Basi chora saruji."

Alichovya kidole kwenye bakuli la masizi nililoweka chini ya ukuta, kama la Bibi. Alichora polepole, ulimi nje, mfuko wenye masikio mawili. Kisha akarudi nyuma hatua moja akautazama, na hakuondoka. Mama Zuhura alikuwa anapita na kapu lake la maharage, akachungulia mlangoni.

"Shekimweri! Huo ni mfuko au mama mkwe wako?"

"Mfuko! Huoni kamba hizo?"

"Kamba gani! Sogea, nikuonyeshe watu wanavyochora." Akatua kapu kizingitini, akakunja mikono ya gauni, akaingia bila kuomba ruhusa ya mtu.

Niliwaachia bakuli. Mimi bado ni mchoraji bora tarafa hii, na atakayebisha aje na stashahada yake tulinganishe. Lakini juu kidogo ya mfuko wa Shekimweri, kimo cha bega la Bibi, nimeacha nafasi ya kiganja kimoja. Kila asubuhi nailowesha kwa maji isikauke, na hiyo nimewakataza wasiiguse.