Kisima cha Zizini

Kabla hujasafiri, mwanangu, sikiliza: nakumbuka alasiri niliyoogopa maji. Maji ya kunywa, yaliyotulia mtungini bila rangi wala harufu.

Ulikuwa wakati wa vita. Mume wangu alikuwa mbele, ng'ambo ya Kagera. Sisi tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, huku Ntobeye, na kisima chetu kilichimbwa palipokuwa zizi la ng'ombe tangu enzi za babu zetu, kwa kuwa udongo wa pale ulikuwa laini. Hofu ilinikausha maziwa. Mtoto wangu Yohana nilimlisha maziwa ya unga, na maji aliniletea jirani yangu Bibi Nyamwiza, mjane aliyevuka zamani kutoka Burundi. Niliyachemsha mpaka yakapungua nusu, nikiamini ndiyo usafi.

Siku hiyo midomo ya Yohana ikageuka bluu. Kucha nazo. Alihema kama kifaranga aliyenyeshewa.

Mgambo walikuja na kamba. Aliyewaongoza, Sebastiani, alikuwa shemeji yangu.

"Shemeji, sema tu. Si huyu anayekuchotea maji?"

Bibi Nyamwiza alikuwa ameketi kizingitini pangu, mtungi mapajani. "Na mimi nayanywa, Seba," akasema. "Au sumu yangu inanionea huruma?"

Hakuna aliyecheka. Wakati ule mtu akifungwa kamba kwa neno la sumu, hatukuwa na uhakika wa kumwona tena. Nami jina lake lilikuwa tayari ulimini, maana hofu hutafuta mtu wa kuibeba.

Ndipo akaingia Mwalimu Restituta, aliyefundisha sayansi shuleni. Alitupita sote, akainama mbele ya yule mjane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akanigeukia. "Usimpe mtoto tone jingine la kisima. Tuma mtu chemchemini. Na kabla ya kumhukumu mtu, tuyaulize maji."

Akaagiza betri ya trekta la kijiji, lililolala kwa kukosa dizeli. Akaweka sufuria mbili, moja ya maji ya kisima, nyingine ya chemchemi, akatia kila moja maji ya majivu, akachemsha. Juu ya mvuke akashika karatasi nyekundu za litmasi za shuleni. Zikabaki nyekundu. Kisha akazamisha katika kila sufuria gamba la zinki na kijiti cha kaboni, alivyovitoa kwenye betri kuukuu za tochi, akaunganisha nyaya. Mapovu madogo yakaanza kupanda.

Tukangoja. Yohana alikuwa mgongoni mwangu, nami nilihesabu pumzi zake kwa ngozi yangu. Sebastiani aliizungushazungusha kamba mkononi.

Jua lilipoinama, mwalimu akapasha moto sufuria tena. Ya chemchemi, karatasi ikabaki nyekundu. Ya kisima ikatoa harufu kali ya mkojo, na karatasi ikageuka bluu. Bluu ile ile ya midomo ya mtoto wangu.

"Samadi ya miaka imeacha chumvi humu, nitrati," akasema. "Haionekani, wala haichemki ikatoka; maji yakipungua, yenyewe inazidi. Mtu mzima huistahimili, mtoto mchanga inamkaba damu isibebe hewa. Umeme umeigeuza kuwa amonia, ndiyo mnayoinusa, na ndiyo iliyogeuza karatasi. Sasa, Sebastiani, kalifunge zizi."

Kamba ile ndiyo iliyofungia miti juu ya mdomo wa kisima. Kwa maji ya chemchemi Yohana alirudiwa na rangi taratibu, na aliyeyaleta, kila alfajiri, bila kuniuliza nilitaka kusema nini, alikuwa Bibi Nyamwiza.

Mwanangu, hofu itakujia, na itakuja na jina la mtu mkononi, mara nyingi jina la mgeni au la mjane. Usilitamke. Kwanza tazama unachokunywa, unapokaa, ulichochimba mwenyewe. Kitu kikikataa kusema, mtafute anayejua kukiuliza, ungoje, hata kama kungoja kunakutetemesha.

Nenda salama. Mungu akujalie maji mema, na jirani wa kukuchotea.