Homa ya siku tatu tuliyoiita homa ya ukoo

Wakuu, salamu kwenu.

Naandika roho ikiwa juu, mtanisamehe nikirukaruka. Chumvi sitaongeza, habari yenyewe inatosha.

Naishi Barani, Malindi. Binti yangu Rukia ana miaka tisa. Tangu ana minne, kila baada ya wiki kadhaa homa humpanda na tumbo humkaza, hataki hata shuka limguse. Siku ya tatu yote huisha, anaomba mahamri.

Malaria ikipimwa ni negative, lakini dawa za malaria tulimpa. Mama yangu naye humfanyia kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya mawaridi, akanywa. Siku ya tatu mtoto mzima, na kila mtu anajipongeza.

"Ni homa ya ukoo, mwanangu," mama husema. "Babako alikuwa nayo."

Kweli. Marehemu baba alipasuliwa kidole tumbo, na maumivu yakarudi vilevile.

Mwezi uliopita daktari mmoja akaniuliza: "Kwenu kuna mwenye kovu la kupasuliwa tumboni?" Nikamtajia marehemu baba. Akauliza kama mimi na mume wangu ni ndugu. Ndiyo, mume wangu ni mtoto wa ami yangu.

Akanieleza taratibu. Kuna kinga ya mwili inayojifunza kwa kuugua, na kuna ile tunayozaliwa nayo, inayokurupuka kabla haijamjua adui. Ya Rukia hii ya pili huwasha moto bila mdudu yeyote, kisha huzimika yenyewe, umpe dawa usimpe. Ni ya kurithi, kwa baba na kwa mama. Vidonge vipo, vya kila siku. Bila hivyo, mabaki ya moto huo hujazana kwenye figo.

Baba alikufa kwa figo. Sisi tulisema presha.

Nilipomwambia mama, akajibu: "Basi vidonge ameze, na kombe nitamfanyia." Nimekubali, dua siachi.

Funzo langu: andikeni siku homa inapoanza na inapoisha. Sisi tulishika dawa, siku hatukuzitazama.

Sasa kinachonitia hofu. Baba alipoanza kuvimba miguu, tulimnunulia makubadhi makubwa zaidi. Jana Rukia kaniambia viatu vya shule vinambana.

Huenda anakua tu. Mkojo wake uko maabara kuangaliwa figo, majibu saa nane.

Mwenye mtoto anayemeza vidonge hivi aniandikie chochote. Niko hapa kwenye benchi la hospitali, na saa nane bado.